Nyuzi Kumi na Nane

Tarehe za waliotukosea ninazo kichwani zote. Najua siku waliyobadilisha kufuli la lango la kiwanda, najua nani alishika karatasi ya majina, najua hata rangi ya shati lake. Miaka ishirini na miwili imepita na bado naweza kukusomea majina kumi na moja ya tuliofukuzwa, kwa mpangilio ule ule waliotusomea wao tukiwa tumesimama mvuani. La tatu lilikuwa langu. La nne la mke wangu.

Yeye hakugoma. Nataka hilo lieleweke mapema. Alikuwa mhudumu wa chumba cha matangi, pale bia inapochachuka, na siku zote nne za mgomo wetu alikuwa nyumbani akimuuguza binti yetu surua. Wakamfukuza hivyo hivyo. Nililisema hilo kwenye vipeperushi, nikalisema mikutanoni, nikalisema kwenye foleni ya maji mpaka watu wakawa wanahama foleni: wamemfukuza kwa sababu ni mke wangu. Yeye akinisikia alikuwa anakung'uta kanga yake na kuingia ndani.

Siku ile alitoka langoni na themosi yake ya chai. Mlinzi akaifungua, akaona tope zito la rangi ya uji uliolala, akakunja pua, akamrudishia. Ilikuwa chachu. Vijiko vitatu hivi vya chachu ya tangi namba sita. Kwa vijiko hivyo alipika bia nyumbani kila mwezi kwa miaka ishirini na miwili, ndoo moja moja, ndani ya friji kuukuu tuliyoiweka stoo nyuma ya jiko. Bia ikishaiva alikuwa anakomba tope la chini ya ndoo, analitia kwenye chupa ya jemu, na mwezi unaofuata analirudisha kazini. Chachu ni kitu hai. Usipoilisha inakufa, na ukiipa joto jingi inakufa mapema zaidi.

Alipolazwa mara ya mwisho hakuniachia wosia wa shamba wala nyumba, maana havikuwepo. Alisema, "Usiiache ilale zaidi ya mwezi. Na usiipe joto. Nyuzi kumi na nane zinatosha."

"Hayo tutayaongea ukirudi nyumbani."

"Haya, Kipaza," akasema, akageukia ukutani.

Kipaza ni jina nililopewa kiwandani kwa ajili ya sauti yangu. Mke wangu aliniita hivyo akiwa amenichoka au akiwa ananipenda sana, na ilikuwa juu yangu kukisia ni lipi. Ile ya hospitali sikuikisia. Nilidhani tuna muda.

Siku ya ishirini na nne baada ya kumzika, mimi na binti yangu tulipika. Binti anashona mashuka ya hospitali, ana mkono mtulivu kama wa mama yake. Tulichemsha kimea, tukachuja, tukapoza, tukamimina ndooni. Nikachukua chupa ya jemu, nikaigeuza yote.

"Baba, bakiza kidogo."

"Ya nini? Tutakomba chini ikiisha."

"Mama alikuwa anabakiza."

"Mama yako alikuwa mwoga wa vitu vidogo." Nikaenda sinki nikaiosha ile chupa kwa sabuni na maji ya moto, nikaiinamisha kwenye kichanja cha vyombo. Mtu akitaka kuniona nilivyo, aanze hapo.

Kesho yake ndoo ikaanza kuongea. Juu ya kifuniko kuna kibomba kidogo chenye maji, gesi inapita mle ikitoka, inafanya blup. Blup, unahesabu mpaka nne, blup. Nyumba ilikuwa haijatoa sauti kwa wiki tatu. Nilikaa kwenye kreti mbele ya friji nikaisikiliza kama redio.

Tatizo lilikuwa hilo la kumi na nane. Mke wangu hakuwahi kutumia kipimajoto. Alikuwa anaweka kiganja kwenye tumbo la ndoo, anafumba macho, kisha anaamua: leo barafu mbili ndani ya friji, leo blanketi. Mimi nilipoweka kiganja changu nilihisi ndoo, basi. Kwa hiyo nikanunua kisanduku cha kuongozea, kile kinachoonyesha namba nyekundu, chenye waya mrefu na mwishoni sensa, ncha ya chuma ya kupimia joto, kama risasi. Kikiona joto kinawasha friji. Kikiona baridi kinawasha taa, nami nilifunga ile balbu kubwa nyekundu ya kulelea vifaranga, kwa sababu ulikuwa msimu wa baridi na stoo yetu asubuhi inafika kumi na mbili. Sensa nikaining'iniza katikati ya friji, hewani. Kisanduku nikakiwekea kumi na nane.

Kikaanza kuniletea wazimu. Namba zilikuwa zinaruka. Kumi na tisa, ishirini, ishirini na mbili, tak, friji inawaka. Dakika mbili tu: kumi na sita, kumi na tatu, tak, friji inazima, balbu inawaka. Kufumba na kufumbua ishirini na tano, tak. Friji na balbu vilikuwa vinagombania ndoo kama watu wawili wenye blanketi moja. Kompresa ya zamani ile, kuwashwa na kuzimwa kila baada ya dakika mbili, ilikuwa inatetemeka na kunguruma kama mtu anayezuia kulia. Nikifungua mlango kuangalia, namba zinaruka zaidi. Nikaipandisha sensa juu, nikaishusha chini. Nikaifunga kitambaa. Nikanunua nyingine. Nikanunua ya tatu. Nikaandika namba kwenye daftari, ukurasa mzima, na ukurasa wenyewe ukawa kama umeandikwa na mlevi.

Binti yangu alipita asubuhi kabla ya kazi, akaweka kiganja kwenye ndoo.

"Mbona ndoo yenyewe iko sawa, Baba?"

"Namba zinasema ishirini na nne."

"Mimi nasema iko sawa."

"Mkono si kipimo, mwanangu. Kwa mkono ndivyo wanavyotuibia watu wote duniani. Tunataka namba."

Akanitazama, akachukua mkoba wake. "Haya, Kipaza," akasema. Sikujua kama naye analo hilo jina mdomoni.

Alipoondoka nilifanya nilichokuwa nimezoea kufanya maisha yangu yote: nikatafuta nani kanionea. Shirika la umeme nililiwazia kwanza. Kisha nikaona wazi kwamba ni muuza vipuri. Ameniuzia sensa feki, tatu mfululizo, kwa sababu mimi ni mzee na nimefiwa. Damu ikanipanda. Nikachomoa sensa kwenye kisanduku ili nikamwonyeshe mbele ya watu. Lakini kisanduku bila sensa hakifanyi kazi, na stoo ilikuwa ya baridi siku ile, na nikaona ndoo yangu itaganda. Basi balbu nikaichomeka moja kwa moja ukutani, iendelee kuwaka. Nikafunga mlango wa friji. Saa moja tu, nikasema. Ilikuwa saa tatu asubuhi.

Duka la vipuri liko mtaa wa mafundi, limebanwa kati ya mchomeleaji na mtu wa pasi. Mwenye duka, mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa waya, alikuwa anafungua feni ya mteja. Nikamtupia sensa juu ya kaunta.

"Hii takataka yako."

"Shikamoo kwanza nakupa mimi, mzee wangu. Halafu takataka."

"Marahaba. Inaruka. Zote tatu zinaruka."

Hakubishana. Akatia barafu na maji kwenye kikombe, akaunganisha sensa na kisanduku chake, akaitumbukiza. Sifuri. Ikatulia pale sifuri. Akaitoa, akaipangusa, akaisukumia kwapani mwake mbele yangu bila aibu. Ikapanda taratibu mpaka thelathini na sita.

"Nzima kuliko mimi," akasema. "Mimi nina mafua."

Watu wakacheka. Hapo ndipo nilipopotelea. Kicheko cha watu kwangu ni kama kuni. Nilipanda juu ya kasha la kompresa na nikaanza. Nilisema juu ya bidhaa feki, na wanaozileta, na wanaozipitisha. Nikasema juu ya vipimo vya uongo: mizani ya sokoni, mita za umeme, mita za maji. Mchomeleaji akazima mashine yake aje asikie. Nikafika kiwandani, nikafika chumba cha matangi. Nikawaambia jinsi wenzetu wawili walivyofukuzwa kwa tangi lililoharibika, na jinsi mimi kwa mikono yangu nilivyokuta, ndani ya chumba kile, kipimajoto cha kiwanda kimezamishwa kwenye chupa ya soda iliyojaa maji. "Kimezamishwa majini kisione joto!" nikapaza, maneno yale yale tuliyoyaandika kwenye bango la mgomo mwaka ule. "Ili kiseme uongo, na mfanyakazi abebe lawama!"

"Mzee, gombea basi!" mtu akapiga kelele. Wakapiga makofi. Nakiri, ilinoga. Tangu mazishi sikuwa nimejisikia mtu. Waliniuliza maswali nikajibu, wakaleta kisa chao nikakishika, mtu akaniletea chai. Sijui muda ulienda wapi.

Watu walipopungua, mwenye ile feni alikuwa bado amekaa kwenye benchi. Mzee mrefu, koti limempwaya. Nilimtambua alipovua kofia. Alikuwa Msimamizi. Msimamizi wa chumba cha matangi, aliyeshika karatasi ya majina. Siku ile alivaa shati la kijani, lenye mfuko mmoja.

"Umemaliza, Kipaza?"

"Na wewe sijakumaliza."

"Najua. Nimesikia msiba. Pole sana. Sikuja kuzika, nilijua ungenitimua, na siku ile haikuwa ya kelele." Akageuza kofia mikononi. "Sensa yako umeiweka wapi?"

"Ndani ya friji. Kwani vipi?"

"Wapi ndani ya friji? Inaning'inia?"

"Inaning'inia."

"Basi inapima hewa. Hewa ukiifungulia mlango inashtuka, ukiiwashia taa inashtuka. Bia yako haina habari. Lita ishirini zile hazibadiliki kwa dakika mbili. Chukua chupa, jaza maji, tumbukiza sensa humo, weka karibu na ndoo. Zitatulia zenyewe."

Nilihisi masikio yanawaka. "Chupa? Wewe ndiye wa kuniambia mimi chupa?"

"Si mimi niliyeigundua."

"Nani, wenye kiwanda?"

Mwanamke wa duka alikuwa ameinama kwenye feni yake, akijifanya hana masikio.

"Vipimajoto vyetu vilikuwa vinaning'inia karibu na mlango," Msimamizi akasema. "Mlango ukifunguliwa vinaruka. Wahudumu wanafungua koki ya baridi, wanafunga, wanafungua, siku nzima, mpaka tangi linaharibika. Ndivyo walivyofukuzwa wale wawili. Wiki iliyofuata mkeo alikuja na chupa ya soda. Akaniambia, bia ni maji, basi tuyaulize maji, tusiiulize hewa. Nikamruhusu. Siku tisa, Kipaza, siku tisa namba zilisimama kama zimepigiliwa msumari. Hakuna mtu ambaye angefukuzwa tena. Siku ya kumi ukaingia wewe, ukaiona, ukainyanyua juu."

Nakumbuka nilivyoinyanyua. Niliinyanyua kwa mkono wa kulia. Maji yalinimwagikia mpaka kwapani na watu wakashangilia.

"Unasema uongo."

"Kwa faida gani? Kiwanda kimeshabomolewa." Akaivaa kofia, akaivua tena. "Wenye kiwanda walipima, wakakuta chupa ilikuwa sahihi. Wakaniuliza ya nani, nikamtaja mkeo; kosa langu hilo. Wakamwita. Karatasi ilikuwa tayari mezani, imeandikwa kwa jina lake: chupa niliiweka mimi, mume wangu amewapotosha wenzake. Asaini, abaki kazini, na cheo apewe. Akaisoma yote. Akauliza, hii mtaipeleka wapi? Wakamwambia itabandikwa langoni. Akasema, basi niandikeni kwenye majina pamoja naye."

Nilikaa. Nadhani nilikaa kwenye kasha lile lile nililokuwa nahutubia juu yake.

"Miaka ishirini na miwili," nikasema. "Wewe unanipita barabarani. Natema mate chini ukipita."

"Aliniapisha. Alisema kazi utaipoteza, hilo utalimudu. Ukipoteza na ule mgomo hutabaki na kitu."

Sijui tulikaa pale kwa muda gani. Nilimuuliza vitu vya kijinga: chupa ilikuwa ya soda gani, alikuwa amevaa nini. Alivikumbuka. Na yeye ana kumbukumbu ndefu, mtu yule, ila yeye haipigii kelele. Nikamuuliza kama mke wangu alilia mle ofisini. Akasema hapana, aliomba maji ya kunywa.

Ndipo na yeye akauliza, kwa adabu tu, kama mtu anayefunga mazungumzo: "Na ndoo umeiachaje?"

Nilikimbia. Nina miaka sitini na saba na goti moja zima, nilikimbia mtaa wote wa mafundi, sensa inaning'inia mkononi. Ilikuwa saa tisa imepita.

Stoo ilikuwa na mstari mwekundu pembezoni mwa mlango wa friji. Nilipofungua, hewa ya moto ilinipiga usoni kama nimefungua tanuri, na harufu ya mkate ulioungua pembeni. Nikachomoa balbu. Nikaweka kiganja kwenye tumbo la ndoo, kama yeye. Kwa mara ya kwanza mkono wangu ulielewa kitu. Niliutoa haraka.

Nikafanya aliyoyasema Msimamizi. Nikatafuta chupa ya soda, nikaichovya ndani ya ndoo yenyewe ijae, nikatumbukiza sensa, nikarudisha waya kwenye kisanduku. Namba haikuruka. Ikapanda taratibu, kwa heshima, ikasimama: arobaini na tisa.

Binti yangu alinikuta nazungushia ndoo vitambaa vibichi na kuipepea kwa sinia. Akashika ndoo. Akaangalia kibomba. Maji ya mle yalikuwa yamekauka.

"Itapoa," nikamwambia. "Namimina maji mengine. Itapoa tu, ngoja."

"Baba."

"Niletee ile chupa ya jemu. Pengine pembeni ilibaki—"

Akaenda mpaka kwenye kichanja. Akaishika juu ya mwanga wa dirisha. Iling'aa. Niliiosha vizuri sana, hilo naweza kujisifia.

Nikamweleza yote pale pale, nikiwa nimeshika sinia. Chupa, karatasi, ofisi. Alisikiliza mpaka mwisho, bila kunikatiza. Kisha akasema jambo ambalo mimi, na kumbukumbu zangu zote, nisingelifikia.

"Ndiyo maana alikuwa anapima kwa mkono."

"Ndiyo maana nini?"

"Angeweka kipimo humu, ingebidi aweke na chupa. Ungeiona. Ungemuuliza."

Miaka ishirini na miwili. Kila mwezi, kiganja kwenye ndoo, macho amefumba. Nilikuwa nampita mlangoni na magazeti yangu kwapani, na mara nyingine nilimtania: mchawi wangu anapiga ramli. Naye alikuwa anacheka.

Asubuhi kisanduku kilisoma kumi na nane. Friji iliwaka mara moja, ikafanya kazi yake kwa robo saa bila kutetemeka, ikazima. Saa nne, kumi na nane. Binti yangu akafungua mlango wa friji, akauacha wazi makusudi, akahesabu mpaka sitini. Kumi na nane. Kila nilichokuwa nakitafuta wiki nzima kilikuwa pale mbele yangu, kimesimama kama kimepigiliwa msumari. Kibomba nilikijaza maji mapya. Nilikaa kwenye kreti nikakisikiliza mpaka mchana. Tulimwagia ndoo sukari kijiko kimoja, kama chambo. Siku tatu tukangoja. Hakuna blup hata moja.

Katika kumi na moja tumebaki hai sita. Nimewatumia ujumbe wote, waje Jumapili. Wanadhani kuna bia. Mmoja amejibu kwamba anakuja na gilasi yake mwenyewe, ile ya kiwandani, na kwamba hajasahau bango letu. Nimemwalika na Msimamizi. Akasema atakaa nyuma.

Chupa ya soda nitaitoa mle na kuinyanyua tena mbele yao, kwa mkono ule ule. Nimejaribu kuandika nitakachosema, na mimi sijawahi kukosa la kusema. Nimeandika jina lake, nikaishia hapo.

"Baba, zima sasa," binti yangu ananiambia kila akipita kwenda kazini. "Hamna kitu humo."

Najua hamna kitu. Naweka kiganja. Kumi na nane, nahisi, bila kuangalia namba. Sasa naweza.